Kura Kumi na Nane: Jinsi Springfield Inavyochagua Mashujaa wa Kikapu

Desemba 1891 ilikuwa na mambo mawili ambayo hakuna aliyeyapanga yaende pamoja. Kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kapteni Mbelgiji aitwaye Jules Jacques alisimamisha boma akaliita Albertville, jina ambalo mji wetu wa Kalemie uliendelea kulibeba hadi 1966. Mwezi huohuo, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Kanada, James Naismith, alitundika vikapu viwili vya mapichi ukumbini, akawagawa wanafunzi wake kumi na wanane katika pande mbili, akabandika ukutani kanuni kumi na tatu. Mechi ile ya kwanza iliisha kwa goli moja kwa bila.

Miaka 124 baadaye mambo mengine mawili yakakutana. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa, Tanganyika ikawa mkoa unaojitegemea na Kalemie ikawa makao yake makuu. Tarehe 11 Septemba mwaka huohuo, Mkongo mmoja mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, mzaliwa wa Kinshasa, alisimama Springfield na jina lake likaingizwa rasmi katika Ukumbi wa Mashujaa wa Kikapu wa Naismith. Dikembe Mutombo alikuwa Mwafrika wa pili kuingia humo kama mchezaji, baada ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria aliyeingia 2008.

Redio zilitangaza, watu wakashangilia, na yakaishia hapo. Swali ambalo halikuulizwa sana ni hili: nani alimchagua, na kwa kipimo gani? Nalileta hapa kwa sababu sisi Wakongo tuna uzoefu mrefu wa kupewa mashujaa kutoka juu na uzoefu mdogo sana wa kuwachagua wenyewe.

Taasisi ya Springfield ilianza bila nyumba. Naismith alifariki Novemba 1939, wakati mchezo wake umeshaingia kwenye Olimpiki na yeye mwenyewe ameshuhudia, huko Berlin mwaka 1936. Ilipita miaka ishirini kabla ya kundi la kwanza la waheshimiwa kutangazwa. Mwaka 1959 walichaguliwa watu kumi na watano na timu mbili: Naismith mwenyewe, Luther Gulick ambaye ndiye mkuu aliyemwagiza abuni mchezo wa kuchezwa ndani wakati wa baridi, kocha Phog Allen, mchezaji mrefu George Mikan na wengine. Walikuwa kwenye orodha, lakini hapakuwa na jengo la kutundika picha zao. Jengo lilifunguliwa tarehe 17 Februari 1968 katika uwanja wa Chuo cha Springfield. Kwa miaka tisa, basi, Ukumbi wa Mashujaa ulikuwa daftari, kamati na barua. Mwaka 1985 ulihamia jengo kubwa zaidi, na 2002 ukahamia hapo ulipo sasa, kando ya Mto Connecticut, chini ya paa la duara ambalo dereva wa barabara kuu analiona kutoka mbali na kujua ni la mpira.

Ninausisitiza utaratibu huo, daftari kwanza na jengo baadaye, kwa sababu kwetu mambo huenda kinyume. Kwanza jiwe la msingi, utepe, mkasi na hotuba ya gavana. Daftari litatafutwa siku nyingine.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Pendekezo la jina linaandikwa kwa fomu, likiambatana na takwimu na ushahidi. Majina yanapelekwa kwenye kamati za uchujaji: kamati ya Amerika Kaskazini yenye wajumbe tisa, ya wanawake yenye wajumbe saba, na nyingine kwa ajili ya wakongwe na watu wa kimataifa. Katika kamati ya Amerika Kaskazini, jina haliendi mbele mpaka lipate kura saba kati ya tisa. Wanaopita huko wanaitwa wafuzu wa mwisho, na majina yao hutangazwa. Kisha kazi inakabidhiwa Kamati ya Heshima yenye watu ishirini na wanne, wengine wajumbe wa kudumu, wengine wataalamu wanaobadilishwa kulingana na aina ya majina yaliyo mezani. Anayepata kura kumi na nane anaingia. Kumi na saba hazitoshi, hata kama mjini kwake watu wameshachinja mbuzi.

Mchezaji hapendekezwi akiwa bado uwanjani. Wakati wa Mutombo alitakiwa awe amestaafu miaka mitano. Baadaye muda huo ulipunguzwa. Kwa maoni yangu walikosea kuupunguza. Miaka mitano inatosha makofi yapoe na hesabu zibaki peke yake. Kuna pia kifungu kingine: baraza la wadhamini linaweza kulikataa jina la mtu aliyeuharibia mchezo heshima yake, hata akiwa na takwimu za ajabu.

Halafu kuna siri. Majina ya wapiga kura wale ishirini na wanne hayatangazwi, wala idadi ya kura alizopata kila mtu. Waandishi wa habari wa Marekani wamelalamika kwa miaka mingi: utamwaminije hakimu usiyemjua? Wenyewe hujibu kwamba mpiga kura asiyejulikana hasumbuliwi usiku na simu za marafiki, mawakala na wamiliki wa timu. Mtu wa Kalemie anazielewa hoja zote mbili bila kufafanuliwa. Anajua ugumu wa kusema hapana mbele ya mkubwa, na anajua pia yanayofanyika pale wakubwa wanapokutana mlango ukiwa umefungwa.

Mutombo alifikaje mezani kwao? Alizaliwa tarehe 25 Juni 1966, akaondoka Kinshasa mwaka 1987 kwa msaada wa masomo, akiwa na nia ya kuwa daktari. Chuoni Georgetown, kocha John Thompson aliuona urefu ule akamwelekeza uwanjani. Mwaka 1991 Denver Nuggets walimchukua akiwa wa nne katika uteuzi wa ligi ya NBA mwaka ule. Tangu hapo kwa misimu kumi na minane kazi yake ilikuwa moja: kukataza. Alipangua mipira 3,289, na katika historia ya ligi ile ni Olajuwon peke yake aliyempita. Mara nne, 1995, 1997, 1998 na 2001, alitajwa kuwa mlinzi bora wa mwaka. Kila alipoupangua mpira aliinua kidole cha shahada na kukitikisa, kama bibi anayemkanya mjukuu aliyenyoosha mkono kwenye chungu. Mwaka 1994 Denver, iliyoingia mchujo ikiwa ya nane na ya mwisho upande wake, iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Picha ya Mutombo akiwa amelala chali sakafuni, ameushika mpira juu ya kichwa na kucheka, ilizunguka dunia.

Angalia kwamba mtu huyu hakuwa mfungaji mkubwa. Ligi ile huwatukuza wafungaji, na kama heshima ingetolewa kwa makofi ya mashabiki angesubiri sana. Ila kupangua mpira kunaandikwa. Katika msimu wa 1973/74 ligi ilianza kuhesabu rasmi kila mpira uliopanguliwa, mechi kwa mechi. Waliopangua kabla ya hapo, akiwamo Bill Russell ambaye wengi wanaamini hakuwa na mfano, hawana idadi rasmi. Mutombo alikuja wakati kalamu imeshakuwa tayari.

Hospitali ya Biamba Marie Mutombo, aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake na iliyofunguliwa 2007, ni habari inayostahili makala yake yenyewe. Mama huyo alifariki 1997, vita ikiwa imeufunga mji na hospitali haifikiki. Mutombo naye alifariki tarehe 30 Septemba 2024, kwa saratani ya ubongo.

Kundi la 2015 lilikuwa na majina kumi na moja. Alikuwemo Lisa Leslie wa Los Angeles Sparks, na hapo mtu wa Kongo anakumbuka kwamba Leslie alitwaa ubingwa wa 2001 na 2002 akiwa bega kwa bega na Mwadi Mabika, binti wa Kinshasa aliyekuwa kwenye timu ya wanawake ya Zaire katika Olimpiki ya Atlanta 1996. Leslie yumo, Mabika hayumo. Sisemi ameonewa, maana kamati ina vipimo vyake. Ninachosema ni kwamba pendekezo haliandikwi na upepo. Lazima mtu akae, akusanye mechi na pointi, aijaze fomu.

Jina lililonivuta zaidi katika kundi lile ni la mtu ambaye hapa hakuna anayemfahamu, John Isaacs. Aliichezea New York Renaissance, timu ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa na Bob Douglas miaka ambayo weusi hawakuruhusiwa kucheza kwenye ligi za weupe. Mwaka 1939 walikwenda Chicago kwenye mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa, wakawashinda wote, weusi kwa weupe. Walipopewa makoti ya ushindi yaliandikwa mgongoni kwamba wao ni mabingwa wa dunia wa watu weusi. Isaacs akachukua wembe akaliondoa neno la rangi, yakabaki maneno ya mabingwa wa dunia tu. Douglas akamlaumu kwa kuliharibu koti. Isaacs akamwambia amelitengeneza.

Ukumbi wa Mashujaa uliiingiza timu ile 1963, na Douglas 1972. Isaacs alisubiri hadi 2015, miaka sita baada ya kifo chake. Ni kwamba mwaka 2011 wakuu wa Springfield walikubali kwamba mlango wao mkuu ulikuwa mwembamba. Kamati ya kawaida, ikikaa na majina ya nyota walioonekana kwenye televisheni, haiwezi kumpa kura kumi na nane mtu aliyecheza kwenye kumbi za dansi za Harlem miaka ya thelathini. Wakaunda kamati ndogo zenye haki ya kuchagua moja kwa moja, mojawapo ikiwa ya waasisi weusi wa mwanzo. Kamati hiyo ilifanya kazi kwa kutumia nini? Kwa kutumia magazeti ya watu weusi yaliyokuwa yakiandika matokeo ya timu zao wiki kwa wiki wakati magazeti makubwa yalinyamaza. Asingekuwepo mhariri aliyetoa nafasi ya safu moja kwa matokeo ya Renaissance, jina la Isaacs lisingekuwa na ushahidi wa kulisukuma.

Bill Russell alichaguliwa 1975, mchezaji wa kwanza mweusi kuingia peke yake, si kama sehemu ya timu. Akagoma. Hakwenda kwenye sherehe, hakuichukua pete. Alikaa hivyo miaka arobaini na minne. Mwaka 2019 aliipokea kimyakimya mbele ya marafiki wachache, akaeleza kwamba aliona wapo waliomtangulia ambao walistahili kuingia kabla yake, na akamtaja Chuck Cooper, mtu mweusi wa kwanza kuteuliwa na timu ya ligi ile, mwaka 1950. Cooper alikuwa ameingizwa mwaka huohuo wa 2019. Taasisi inayoweza kukataliwa na mtu mkubwa kiasi kile, ikabaki imesimama, na polepole ikajirekebisha, naiheshimu kuliko isiyowahi kupingwa.

Wapo waliodhani dawa ya ugomvi ni kuwaondoa wapiga kura na kuiachia kanuni kazi yote. Shirikisho la riadha la dunia lilipofikisha miaka mia moja, 2012, lilianzisha ukumbi wake na kuweka masharti wazi: angalau medali mbili za dhahabu za Olimpiki au ubingwa wa dunia, angalau rekodi moja ya dunia, na miaka kumi ya kustaafu. Kipchoge Keino wa Kenya alipita: dhahabu ya mita 1,500 Mexico 1968, ya kuruka viunzi na maji mita 3,000 Munich 1972, na rekodi mbili za 1965. Abebe Bikila wa Ethiopia alikuwa katika kundi la kwanza kabisa.

Lakini chukua kipimo hicho uwapime majirani zetu wengine. John Akii-Bua wa Uganda alivunja rekodi ya dunia Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, akapata dhahabu. Dhahabu moja. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Montreal, Uganda ikiwamo, naye hakukimbia. Filbert Bayi wa Tanzania aliivunja rekodi ya mita 1,500 Christchurch 1974 akiongoza tangu hatua za mwanzo, na mwaka uliofuata akachukua rekodi ya maili. Olimpiki ya 1976 ikampita kwa susio hilohilo, na Moscow 1980 akarudi na fedha. Henry Rono wa Kenya mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Kenya ilisusia 1976, ikasusia 1980. Rono hakuwahi kukanyaga Olimpiki.

Sababu ya kususia ilikuwa ya haki, sina ugomvi nayo: mwaka 1976 New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi. Lakini kanuni haijui sababu. Inahesabu dhahabu, na dhahabu ya mtu aliyezuiwa na serikali yake haionekani kwenye mizani. Kamati ya watu ishirini na wanne, pamoja na siri zake zote, ina uwezo wa kuuliza: kwa nini huyu hakuwepo?

Sisi tuliijaribu njia ya tatu, ya mtu mmoja kuamua. Machi 1974 Leopards wa Zaire walitwaa Kombe la Afrika la mpira wa miguu nchini Misri. Fainali na Zambia iliisha mbili kwa mbili, ikarudiwa siku mbili baadaye, mbili bila. Magoli yote manne yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano akiwa na magoli tisa, rekodi ya mashindano mamoja. Rais Mobutu aliwapokea kama wana wa nyumbani mwake, akawapa kila mmoja nyumba na gari. Miezi mitatu baadaye, kwenye Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, walifungwa na Scotland, kisha tisa bila na Yugoslavia, kisha tatu na Brazil. Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, alisimulia miaka mingi baadaye jinsi watu wa rais walivyowaonya kwamba wakifungwa zaidi ya tatu na Brazil hakuna atakayerudi nyumbani. Heshima ikafungwa kama bomba la maji, na aliyekuwa na funguo ni mmoja.

Ndani ya mechi ile ya Yugoslavia kuna jambo dogo ambalo kwangu linasema kuliko matokeo. Mwamuzi kutoka Colombia alipigwa teke kwa nyuma. Aliyepiga, kwa maelezo yake mwenyewe, ni Mwepu. Aliyetolewa nje kwa kadi nyekundu ni Ndaye. Kwenye karatasi ya mechi, hadi leo, kosa ni la Ndaye.

Mwaka 1994 Shirikisho la Soka la Afrika lilimwalika Ndaye Tunis kumpa heshima. Aliporudi, watu wenye silaha walivamia nyumbani kwake wakidhani amerudi na fedha, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi Cape Town akilinda magari ya watu kwenye maegesho. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kumwombolezea. Alikuwa hai. Alifariki kweli tarehe 26 Januari 2019. Mtu mwenye rekodi ambayo hakuna Mwafrika aliyeifikia aliombolezwa miaka ishirini na moja kabla ya wakati wake, kwa kuwa hakuna ofisi iliyokuwa na kazi ya kujua yuko wapi.

Kwa hiyo ninaposikia pendekezo la kuwajengea wanamichezo wetu jumba, iwe Kinshasa au hapa mkoani, sipingi. Ila sitaanza na ramani ya fundi. Kalemie ni mji wa reli na bandari. Tangu njia ya Kabalo ilipofika ziwani mwaka 1915, vijana wamepita hapa wakitoka Manono, Kongolo, Moba, wengine kutoka Kigoma ng'ambo ya maji, na mpira ulipita nao. Wazee bado wanataja nani alikuwa kipa wa ekipe ipi, na wanabishana. Ubishi huo ni ushahidi, ukiandikwa wakati wenyewe wapo.

Kazi yenyewe haina gharama ya kutisha. Katibu wa ligi anatakiwa ahifadhi nakala ya kila karatasi ya mechi: majina kamili, nafasi, wafungaji, dakika, kadi, na kadi ya nani hasa. Nakala moja ibaki hapa, nyingine ipelekwe Lubumbashi au Kinshasa, maana mji huu umeona vita, na Desemba 2005 uliona tetemeko la ardhi lililobomoa nyumba nyingi. Wasichana wa kikapu na wa mpira wa mikono waandikwe kwenye kitabu kilekile, si kwenye karatasi za pembeni. Mchezaji anapohamia Mazembe au Lupopo, iandikwe alitoka wapi, kwa sababu huko atahesabiwa kuwa wa Lubumbashi. Kamati ya kupiga kura inaweza kusubiri hata miaka ishirini, kama walivyosubiri Springfield baada ya kifo cha Naismith. Karatasi za msimu huu haziwezi kusubiri: nyingi zinaandikwa kwa kalamu ya wino mwepesi, na msimu wa mvua unakuja.